Dirisha la kuonea mbingu tu: niliyojifunza nikisanifu makazi ya wakimbizi kwa uhalisia pepe

Miwani ya uhalisia pepe, ile inayomfanya mvaaji ajione yumo ndani ya jengo lililochorwa kwenye kompyuta, hujibu swali moja vizuri kuliko chombo kingine chochote nilichowahi kukitumia katika usanifu wa majengo: mtu akiwa hapa anaona nini, na nani anamwona yeye? Joto, moshi, kelele, harufu, upepo wa usiku, hayo haiyajui. Ukiilazimisha iyajibu itakudanganya, tena kwa picha nzuri ajabu.

Naandika kwa ajili ya yeyote aliyekabidhiwa kazi kama niliyokabidhiwa mimi: kukaa na watu waliokimbia makwao na kupanga pamoja nao nyumba za muda watakazohamia kutoka kwenye mahema. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Kuna sehemu yake ningeirudia hata kesho, na sehemu nyingine siigusi tena.

Niliingia kupitia mlango wa nyuma. Shirika moja dogo lilikuwa limepata fedha za ujenzi. Mfadhili alitaka kuona ubunifu, shirika likaahidi miwani ya uhalisia pepe, kisha likaanza kutafuta msanifu anayejua kuitumia. Miradi mingi ya namna hii huzaliwa hivyo, chombo kikitangulia tatizo, na ukiitwa kwenye mradi kama huo swali lako la kwanza liwe hili: kitu gani bado hakijaamuliwa? Maana mengi huwa yameshaamuliwa kabla hujawasha kompyuta.

Ukubwa, kwa mfano. Kitabu cha viwango vya Sphere, kinachofuatwa na mashirika mengi ya misaada, kinataka kila mtu apate walau mita za mraba 3.5 za kuishi, bila kuhesabu jiko, bafu na choo. Penye baridi kali, au pale jiko na bafu vinapokuwa ndani, kiwango hupanda hadi kati ya 4.5 na 5.5. Paa katika sehemu yake ya juu kabisa lisipungue mita 2, na kwenye nchi za joto mita 2.6. Zidisha 3.5 kwa familia ya watu watano unapata 17.5, na hilo ndilo eneo la zile nyumba za Better Shelter, zilizobuniwa kwa ushirikiano na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na wakfu wa kampuni ya samani ya IKEA, ambazo husafirishwa vipande vipande kwenye maboksi na kuunganishwa papo hapo. Hema la familia la UNHCR lina mita za mraba 16 chumbani, ukiacha vibaraza vyake viwili. Bajeti nayo ina dari yake. Basi hakuna mkimbizi anayekuja kwenye kikao chako kuchora nyumba aitakayo. Uhuru uliobaki ni wa mpangilio tu: mlango ukae wapi, dirisha litazame wapi, nani apakane na nani, ukuta wa ndani uwepo au usiwepo. Hilo liseme waziwazi tangu kikao cha kwanza. Watu waliokwisha kupoteza mengi hawastahili kuahidiwa hewa.

Pia liseme hili la "muda". Kambi ya Dadaab nchini Kenya ilianza mwaka 1991, Kakuma, hukohuko Kenya, 1992, Zaatari kule Yordani 2012, na zote bado zina watu. UNHCR yenyewe huita hali ya ukimbizi kuwa ya muda mrefu pale wakimbizi 25,000 au zaidi wa nchi moja wanapokaa uhamishoni miaka mitano mfululizo au zaidi. Anayekuambia kwamba mpangilio wa ndani hauna uzito kwa sababu watu watakaa miezi michache, mwonyeshe miaka hiyo.

Modeli yetu ya kwanza ilikuwa imetengenezwa na kijana hodari wa michoro, na ilipendeza. Kulikuwa na makochi, mmea kwenye chungu, mwanga wa jioni unaopita kwenye pazia. Watu walivaa miwani, wakatazama huku na huku, wakavua, wakasema, "Nzuri sana, asanteni." Basi. Kikao baada ya kikao, nzuri sana, asanteni. Shirika lilifurahi, likaandika kwamba ubunifu umepokelewa vyema.

Mimi sikufurahi, kwa sababu sijawahi kuona familia isiyokuwa na la kusema juu ya nyumba yake. Picha iliyokamilika hufunga watu midomo. Inasema kazi imeisha, kilichobaki ni kupongeza. Halafu kuna suala la nani anamuuliza nani: mtu anayepokea chakula kutoka kwenye gari lenye nembo ileile iliyo kwenye fulana yako atakukosoa kwa lipi?

Tuliifuta modeli nzima. Tukabakiza kuta za kijivu, sakafu na paa, visivyo na rangi wala pambo. Kisha tukaomba ruhusa ya kuingia kwenye mahema machache na futi ya kupimia, tukapima vitu ambavyo watu wanavyo kweli: madumu ya maji, magunia, ndoo, mikeka, magodoro yaliyokunjwa, sanduku la nyaraka ambalo halikai mbali na mkono wa mwenyewe. Tukaviingiza vyote kwenye modeli, kila kimoja kwa vipimo vyake, navyo mtu aweze kuvisogeza kwa rimoti. Madumu ndiyo yaliyofungua midomo. Mtu akiyaona manne yamesimama katikati ya chumba cha kijivu, hawezi kunyamaza. Atauliza yanakaa wapi, na kutoka hapo mazungumzo hayakatiki.

Tukaongeza na ujanja mwingine ambao naupendekeza kwa moyo wote: weka kasoro moja ya makusudi, ya wazi kabisa. Sisi tuliweka mlango unaofungukia kwenye godoro. Mtu wa kwanza anayeucheka huwa amekwisha jipa ruhusa ya kusema mengine.

Ndipo akaja mama mmoja wa makamo, mwenye sauti ndogo. Alivaa miwani, akazunguka hatua chache, kisha akamuuliza mkalimani kama anaruhusiwa kukaa. Binti aliyekuwa akimwongoza akamsogezea kiti. Mama akakisukuma pembeni kwa mkono, akajishusha taratibu hadi kwenye mkeka, akakunja miguu, akatulia. Picha anayoiona yeye tulikuwa tumeirusha kwenye skrini, kwa hiyo sote tukakiona anachokiona: ukuta wa kijivu, na juu kabisa, kipande cha mbingu.

"Mwanangu," akasema, "dirisha hili ni la nani?"

Hakuna aliyemjibu. Dirisha lilikuwa limeanzia mita 1.2 kutoka sakafuni, kwa sababu za usalama na ili wapita njia wasichungulie. Kwenye mchoro lilikuwa sahihi. Lakini lilichorwa na watu wanaoshinda kwenye viti, likakaguliwa na watu waliosimama, na miwani yote ilikuwa imewekwa ianze kwenye kimo cha macho ya mtu mzima aliyesimama. Kumbe ndani ya nyumba ya namna ile, isiyo na samani, maisha hupitia chini. Mtu huketi sakafuni kupika, kunyonyesha, kushona, kupokea mgeni, kuuguza. Kwa mtu aliyeketi, dirisha letu lilikuwa la kuonea mbingu tu.

Kisha akageukia mlango. Ulikuwa wazi, na ng'ambo ya njia mlango wa nyumba ya pili nao ulikuwa wazi, magodoro yake yakionekana hadi ukutani.

"Na yule ananiona mimi hivi hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nitaufunga. Nikiufunga, giza."

Nilikuwa na kurasa nyingi za dodoso zilizojazwa, na hakuna hata moja iliyosema hivyo. Katika dodoso watu walikuwa wamejibu kwamba faragha ni "muhimu sana", jibu ambalo halikuelekezi uuweke mlango wapi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na bahati ya miwani ni kwamba inakuruhusu kuketi kwenye kitanda cha mwenzio kwa dakika chache.

Mlango tukausogeza pembeni, karibu na kona. Nyumba zinazotazamana tukazipishanisha ili milango isikabiliane. Mbele ya kila mlango tukaweka ukuta mfupi wa kukinga macho, mita moja hivi kutoka kizingitini, unaoacha upepo upite pande zote mbili. Dirisha la pili likaenda upande wa uani, chini, lenye kibao cha mbao cha kufungua na kufunga. Mama yule aliitwa tena kukagua. Aliketi palepale, akaangalia mlangoni, akaangalia dirishani, akauliza kibao kinafungwa kwa ndani au kwa nje. Kwa ndani, tukamwambia. Akataka aone komeo. Hatukuwa tumeichora komeo. Tukaichora siku hiyohiyo.

Tangu hapo hatukukubali mchoro wowote kabla haujatazamwa kutoka kwenye vimo vinne: mtu mzima aliyesimama, aliyeketi sakafuni, mtoto, na mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu. Kubadilisha kimo ni kazi ya kubonyeza kitufe, na bei yake ni sifuri. Kama utachukua jambo moja tu kutoka kwenye maelezo haya marefu, chukua hilo.

Ugunduzi wa pili aliuleta mzee mmoja aliyevaa miwani, akatazama kidogo, akavua mapema kuliko wote. "Na wengine wako wapi?" Nyumba yetu ilikuwa imesimama peke yake katika tambarare tupu, maana hatukuwa tumechora jirani hata mmoja. Kwake yeye swali la chumba lilikuwa dogo. Alitaka kujua atamsikia nani akikohoa usiku, na wajukuu watacheza mbele ya macho ya nani.

Tukachora majirani, na hapo kazi ikatoka mikononi mwa wasanifu ikawa ugomvi wa watu wengi, ugomvi wa heri. Kwenye miwani ilikuwa rahisi kuzigeuza nyumba kutoka safu ndefu zilizonyooka hadi makundi madogo yanayozunguka ua mmoja. Karibu kila aliyeingia alipenda ua. Zaatari watu walifanya jambo la jinsi hiyo wenyewe bila kuulizwa: walihamisha nyumba zao za mabati, wakazipanga upya kuzunguka nyua za familia, na barabara ya soko wakaipa jina la utani la Shams-Élysées, kwa kuchezea jina la Champs-Élysées, barabara mashuhuri ya Paris. Lakini msimamizi wa kambi alikuja na hesabu zake, na hesabu zake zilikuwa za kweli. Kati ya jengo na jengo pawe na mita 2 kwa uchache, na ikiwezekana mara mbili ya urefu wa jengo. Kila mita 300 za eneo lililojengwa pawe na ukanda mtupu wa mita 30 wa kuzuia moto. Kambi nzima, pamoja na njia na huduma zake, ihesabiwe mita za mraba 45 kwa kila mtu. Juu ya hayo, gari la maji lipate pa kugeukia. Ukipanga nyumba kwa makundi, nyingine hazienei.

Tulimvisha na yeye miwani, tukamwonyesha njia ya kutoka bombani kurudi nyumbani usiku, jua la modeli likiwa limezimwa. Kwenye safu zilizonyooka, mtu akijificha kati ya nyumba mbili humwoni mpaka umfikie. Kwenye makundi, kila njia ilikuwa chini ya macho ya mlango wa mtu. Hapo chombo kilitenda kazi yake, kwa sababu suala lilikuwa nani anaona nini. Nguvu ya taa zenyewe hatukuiamini kwenye miwani. Hilo lilipimwa kwa taa halisi. Mwishowe tulikubaliana nusu kwa nusu: makundi madogo kwenye maeneo ya karibu na visima, safu za kupishana kwingineko. Sikuridhika kabisa, na msimamizi naye vilevile.

Nilisema kuna sehemu siigusi tena. Bwana mmoja, fundi kwa kazi, alipoona namna kuta zinavyosogezwa aliomba tumjengee nyumba yake aliyoiacha. Alikuwa na vipimo vyote kichwani. Aliketi na kijana wa michoro, akamtajia kila kitu: ngazi mbili za mbele, mlango uliokwaruza sakafu, mti uliokuwa uani. Ilipokamilika akaivaa. Alisimama pale mlangoni, hakuingia, mkono mmoja umenyooshwa mbele kana kwamba anashika kitasa. Kisha akavua miwani, akaiweka mezani kwa uangalifu, akatoka. Hakurudi vikaoni, na tulipomtembelea hakutaka kuzungumzia habari hiyo.

Wapo watakaokuambia kwamba kumrudisha mtu nyumbani kwa uhalisia pepe ni tiba. Pengine kwa mikono ya wataalamu, mahali pa utulivu, kwa hiari na kwa hatua. Katika chumba cha wasanifu, watu wamepanga foleni nje, si tiba. Makazi yenye hali ya nyumbani hayahitaji kufanana na nyumba iliyopotea. Watu walituambia hivyo kwa namna nyingi: walitaka komeo ya ndani, mahali pa kumketisha mgeni asione magodoro, kivuli mlangoni, na ruhusa ya kupigilia misumari ukutani. Misumari! Paneli nyingi za nyumba za muda hazitaki kutobolewa, na hilo peke yake huwakera watu kuliko udogo wa chumba. Tulipoweka bao moja la mbao kila ukuta, la kupigilia utakavyo, malalamiko ya namna hiyo yalipungua sana.

Katika kila kikao pawe na mshauri nasaha, au mtu wa jamii yenyewe anayeaminika. Miwani humfunika mtu macho na kumtenga na walio karibu naye. Kwa aliyepitia mazito, kufunikwa macho mbele ya wageni si mchezo. Wapo waliokataa kuivaa, wakaonyeshwa skrini, na michango yao ikawa na uzito uleule. Wanawake walikuwa na chumba chao, wakiongozwa na wanawake. Kuvaa na kuvua mikanda ya kichwani juu ya mtandio si jambo la kufanyiwa na kijana wa kiume. Mtu asirekodiwe bila ridhaa yake, na ridhaa iombwe kabla hajavaa, si baada.

Sasa mambo ya mikono, ambayo maelezo ya kwenye boksi hayakuambii.

Miwani ya siku hizi hujua ilipo kwa kutumia kamera zake ndogo zinazotazama kona, fremu, picha za ukutani. Ndani ya hema jeupe lisilo na kitu hazioni cha kushika, na upepo ukitikisa turubai picha nayo inaanza kuyumba, mtu anapata kizunguzungu. Tulibandika mabango yenye maandishi makubwa kwenye mbao zilizosimama imara, tatizo likaisha. Nje juani usijaribu: mwanga mkali unavuruga kamera, na jua likipenya kwenye lenzi huunguza skrini ya ndani ndani ya muda mfupi. Miwani yetu moja iliachwa mezani lenzi zikitazama mlango wa hema, na alama ya kuungua haikutoka tena. Lenzi zitazame chini siku zote, na kila kifaa kiwe na kifuniko.

Masasisho ya programu na kuingia kwenye akaunti vimalizike kabla hujaondoka penye intaneti. Betri hudumu kama saa mbili, kwa hiyo chaji ya sola iwe kwenye mpango tangu awali, pamoja na muda wa kuchaji. Rekebisha nafasi kati ya lenzi kwa kila mtu. Kwa watu wazima wastani ni kama milimita 63 kati ya mboni na mboni, lakini watu wanatofautiana, na picha yenye ukungu humfanya mtu adhani macho yake ndiyo mabovu. Usimwendeshe mtu ndani ya modeli kwa rimoti wakati mwili wake umesimama. Hapo ndipo kichefuchefu kinapoanzia. Atembee kwa miguu yake katika nafasi ndogo, na pa mbali programu imhamishe kwa mruko mmoja, bila kuona mwendo. Tandika mkeka ili nyayo zijue mwisho wa eneo. Dakika kumi zinatosha. Futa kila baada ya mtu, na uwe na vitambaa vya kutosha vya kuweka usoni.

Kuhusu ukubwa, usiiamini miwani kabisa. Tafiti za miaka mingi zimeonyesha kwamba watu wakiivaa hukadiria umbali kuwa mfupi kuliko ulivyo, ingawa vifaa vipya vimeboreka. Sisi tuliona vurugu tupu: mmoja anasema chumba kinabana, mwenzake anasema kinatosha sana, chumba kilekile. Dawa ilikuwa chokaa. Tulichora nyumba kwa ukubwa wake halisi ardhini, familia nzima ikaingia ndani ya mistari, ikalala chini, ikajipanga, ikacheka, ikagombana juu ya nani atalala karibu na mlango. Baada ya hapo ndipo walivaa miwani kuona kuta. Mfuko wa chokaa ulitupa majibu ya ukubwa ambayo vifaa vyetu vyote vya umeme vilishindwa kuyatoa.

Na joto. Nyumba ya mfano ilijengwa kwa faili lilelile lililosifiwa na kila mtu. Adhuhuri ya kwanza hakuna aliyekaa ndani. Paa lilikuwa la tabaka moja, na matundu ya hewa yalikuwa chini ya dirisha badala ya juu karibu na paa, mahali hewa ya moto inapokusanyika. Tukaliinua paa, tukaongeza tabaka la pili lenye nafasi katikati, tukatoboa matundu juu. Kazi hiyo ilikula fedha ambazo zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya sakafu, na sakafu za baadhi ya nyumba zikabaki za udongo hadi awamu iliyofuata. Watu waliolala juu ya udongo ule wana haki ya kukasirika, na walikasirika.

Moto ni vivyo hivyo. Zile nyumba za Better Shelter nilizozitaja zilipata tuzo ya usanifu bora wa mwaka 2016 ya jumba la makumbusho la Design Museum, London. Desemba 2015 mji wa Zurich, Uswisi, ulikuwa umeachana na mpango wa kuzitumia baada ya majaribio ya moto kuutia wasiwasi. Baadaye muundo wake ukafanyiwa marekebisho. Zilikuwa nyumba zilezile, watazamaji mbalimbali. Kama ratiba yako haina siku ya kuwasha moto kweli karibu na kipande cha ukuta wako, haijakamilika, hata kama modeli inapendeza namna gani.

Niseme na la wafadhili. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulitoa filamu ya nyuzi 360, ya kutazamwa pande zote kwa miwani, iliyopigwa Zaatari, ikaonyeshwa kwa wakubwa waliokutana kwenye jukwaa la uchumi la Davos, Uswisi, ili wahisi maisha ya kambini. Sina ugomvi na filamu. Lakini ilinionyesha miwani hii huelekezwa wapi ikiachwa ifuate njia yake: kwa mwenye fedha. Kwetu, ugeni wa mfadhili ulipotangazwa, vikao viwili vya wakazi viliahirishwa ili kijana wa michoro arudishe makochi na mwanga wa jioni. Nilipinga, nikashindwa. Wageni walifurahi sana. Picha zao wakiwa wamevaa miwani ndizo zilizoingia kwenye ripoti. Mama aliyeuliza habari ya dirisha hamo. Kabla ya kutia saini mkataba, andikeni humo kwamba vikao vya wakazi haviahirishwi kwa ajili ya maonyesho. Ni sentensi moja, nayo ingetuokolea mengi.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kama miwani ilikuwa na ulazima. Kwa sehemu kubwa ya kazi, hapana. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, pamoja na kampuni ya Mojang wamekuwa wakitumia Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa matofali, tangu 2012 kuwashirikisha wakazi kupanga maeneo ya umma, kwenye kompyuta ya kawaida, watu kadhaa wakiwa mbele ya skrini moja. Nasi tuliona kwamba mabishano bora yalitokea mbele ya skrini. Aliyevaa miwani yuko peke yake. Walioizunguka skrini wanakatizana, wanakumbushana, wanacheka. Mpangilio wetu wa mwisho ulikuwa mtu mmoja ndani ya miwani na wengine sita au saba kwenye skrini wakimwelekeza: geuka, keti, fungua mlango, angalia kwa jirani. Yule wa ndani anakuwa macho yao.

Gharama kubwa haikuwa vifaa. Ilikuwa muda wa kijana wa michoro, ambaye alihitajika kila siku kubadilisha modeli watu wakingali wanakumbuka walichokisema, na malipo ya wakalimani. Mkalimani mmoja hatoshi: mmoja anakuwa na aliyevaa miwani, mwingine na kundi. Wakazi wanaokaa vikaoni nao walipwe posho au fidia ya muda wao, sawa na mshauri mwingine yeyote. Shirika letu lilisita, likisema ushiriki ni wa hiari. Sisi wote tuliokuwa upande wa pili wa meza tulikuwa na mishahara.

Modeli tuliikabidhi kwa vijana wawili wa kambini waliojifunza kuibadilisha, pamoja na kompyuta moja na miwani moja. Faili zilihifadhiwa kwa programu isiyohitaji leseni ya kulipia, jambo la kulipanga mwanzoni kwa sababu kuhamisha modeli baadaye ni adha tupu. Wameshabadilisha vitu nisivyovitarajia, na kimojawapo ni kuubomoa ule ukuta wa kukinga macho kwenye nyumba za pembeni, ambako hakuna anayetazamana na mtu.

Ukipewa bajeti ya miwani minne, nunua miwili. Zinazobaki nunulia mbao za nyumba ya mfano ya pili, maana ya kwanza utaibomoa.